Cheti cha Jengo Hakimpi Mfanyakazi Choo

Tangu Machi 2025 Kenya inatumia Kanuni mpya ya Kitaifa ya Majengo, iliyochapishwa 2024 na kuchukua nafasi ya kanuni za 1968. Wasanifu, wakandarasi na wenye magodauni wameizungumzia sana, na katika mazungumzo hayo kuna tafsiri moja inayorudiwa kana kwamba ndiyo sheria yenyewe: ramani ikishapitishwa na cheti cha kulitumia jengo kikishatolewa, habari ya vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo na mahali pa kulia chakula imekwisha, na mwajiri aliyekodi jengo hilo hana deni tena. Tafsiri hiyo ni potovu. Kanuni ya majengo hulikagua jengo na mabomba yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humwangalia mtu aliye kazini, kila siku ya zamu. Jengo laweza kuwa halali na mahali pa kazi pakawa nje ya sheria, ndani ya kuta zilezile. Kosa hili lina mzizi wa ndani zaidi. Tumezoea kuvihesabu vyumba hivi vitatu kuwa hisani ya mwajiri, ilhali viliwekwa kisheria kuwa kizuizi kimoja kisichotakiwa kuwa na pengo, cha kuzuia sumu na vimelea visitoke kazini vikaingia tumboni mwa mfanyakazi au nyumbani kwake.

Tuanze na sheria inavyosema. Kifungu cha 52 kinataka vyoo vya kutosha na vinavyofaa, vitunzwe, viwe safi, viwe na mwanga, na pale wanaume na wanawake wanapofanya kazi pamoja kila jinsia iwe na vyake. Kifungu cha 91 kinataka maji safi ya kunywa, mahali panapofikika kwa urahisi. Kama hayaji kwa mfereji, yawekwe katika chombo kinachofaa na yabadilishwe angalau kila siku. Cha 92 kinahusu mahali pa kunawa, cha 93 mahali pa kuweka nguo ambazo mtu havai wakati wa kazi, na cha 94 viti. Juu ya vyote kuna kifungu cha 6, kinachombebesha anayeliendesha eneo la kazi wajibu wa kuweka mazingira salama yenye huduma za kutosha za ustawi wa wafanyakazi. Wajibu huo hauishi siku ya kufungua kiwanda. Sheria hii ilifuta Sheria ya Viwanda, Sura ya 514, ambayo nasaba yake ni sheria za viwanda za Uingereza, na ikafanya jambo ambalo waajiri wengi hawajalizingatia mpaka leo: iliupanua ulinzi huo utoke kiwandani uende kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, kwa muda au kwa kudumu. Tanzania Bara ilikuwa imepita njia hiyo mwaka 2003, pale Sheria Na. 5 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilipoiondoa sheria ya zamani ya viwanda na ukaguzi ukawa mikononi mwa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Kwa hiyo mwenye gereji, mwenye shamba la mboga na mwenye duka la nguo Eastleigh au Kariakoo hawezi kujitetea kwamba yeye hana kiwanda.

Msomaji makini ataona pengo mara moja. Sheria ya Kenya inasema vyoo "vya kutosha" bila kutaja idadi. Hapo ndipo mwenye kukimbilia cheti cha jengo anapopata upenyo: ikiwa sheria ya kazi haina hesabu, basi tuchukue hesabu ya msanifu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana idadi ni jambo zuri kuwa nalo. Uingereza, katika kanuni zake za 1938 za vyoo vya viwandani, ilianza na choo kimoja kwa kila watu 25. Leo mwongozo wake rasmi, unaofuatana na kanuni za 1992, unataka choo 1 kwa watu 1 hadi 5, viwili kwa 6 hadi 25, vitatu hadi 50, vinne hadi 75 na vitano hadi 100, kisha kimoja zaidi kwa kila watu 25 wanaoongezeka. Marekani ina jedwali lake: choo 1 hadi watu 15, viwili hadi 35, vitatu hadi 55, vinne hadi 80, vitano hadi 110, sita hadi 150, na baada ya hapo kimoja kwa kila 40. Chukua karakana ya kushona nguo yenye wanawake 140 na wanaume 40. Kwa kipimo cha 1938 wanawake wanapata vyoo 6. Kwa mwongozo wa Uingereza wa sasa 7. Kwa jedwali la Marekani 6. Tofauti ni ndogo, na ukubaliano huo wa nchi mbalimbali unatosha kumpa mkaguzi wetu msingi wa kusema vitatu havitoshi. Mwajiri anayedai kwamba neno "kutosha" halipimiki anadai hivyo kwa kuwa hajataka kupima.

Lakini hesabu ya vichwa kwa vyoo ni mwanzo tu, na wengi huishia hapo. Hebu tuwarudie wale wanawake 140 wenye vyoo 6. Tuseme kila mmoja anatumia dakika 3 tangu mlango unapofungwa hadi unapofunguka kwa anayefuata. Kwa mtu aliyevaa ovaroli na kofia ya nywele, hizo si nyingi. Kiwanda kina mapumziko ya chai ya dakika 15, na wote wanaachiliwa saa nne asubuhi kwa kengele moja. Katika dakika hizo kila choo kitahudumia watu 5, vyote 6 vitahudumia 30. Wanawake 110 watarudi kwenye mashine hawajaenda, na wengi wa waliokwenda watakuwa wamekosa chai. Jengo limetimiza kipimo, ramani imepita, na zaidi ya watu watatu kati ya wanne hawana choo kwa saa ile wanayokihitaji. Kuna njia mbili tu za kutoka hapo: kuongeza vyoo kupita kipimo, au kuacha kuwatoa watu wote kwa wakati mmoja na kumruhusu mtu aende anapobanwa. Njia ya pili haihitaji saruji wala mabomba, na ndiyo inayopingwa zaidi.

Inapingwa kwa hoja ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba mfanyakazi akiachiwa aende apendavyo atakaa chooni na simu. Kutokana na hofu hiyo kumezaliwa utaratibu wa pasi. Kila laini ya kushona hupewa kadi moja, na asiye nayo shingoni hatoki. Mahali pengine funguo za choo hukaa mfukoni mwa supavaiza. Tuupime utaratibu huu kwa hesabu zake wenyewe. Laini ina watu 30, zamu ina saa 8, yaani dakika 480. Kama choo kiko karibu na safari nzima ni dakika 5, kadi moja itafanya safari 96, sawa na mara tatu kwa kila mtu. Kwenye karatasi inaonekana inatosha. Sasa kisogeze choo hadi nyuma ya godauni, mita 150 kutoka kwenye mashine. Kwenda ni dakika 2, kurudi 2, ndani 3. Safari ni dakika 7, na kadi inafanya safari 68, sawa na mara mbili na kidogo kwa mtu. Hata hizo mbili hazigawanyiki sawasawa katika siku, kwa kuwa haja haiji kwa zamu: huja kwa wingi baada ya chai na baada ya chakula cha mchana. Mjamzito, mwenye kisukari, mwenye hedhi nzito na mwenye tumbo la kuendesha wanaihitaji kadi mara tano au sita, na kila safari yao inatolewa kwenye fungu la jirani. Hivyo wafanyakazi wenyewe wanaanza kuchungana na kuoneana haya, na supavaiza hahitaji tena kumkataza mtu.

Matokeo yake daktari wa zahanati iliyo karibu na kiwanda huyaona kila wiki bila kuambiwa chanzo. Mtu anayejua hataruhusiwa kutoka hunywa maji kidogo. Mkojo unakuwa mzito, unakaa muda mrefu kwenye kibofu, maambukizi ya njia ya mkojo yanapata nafasi, na kwa wengine vijiwe vya figo. Katika karakana yenye paa la mabati mtu huyo huyo ndiye wa kwanza kuzidiwa na joto. Hapa ndipo kifungu cha 91 na cha 52 vinapokutana: mwajiri anaweza kuweka mtungi wa maji safi kwa kila laini, akapigwa picha nao, na maji yasinywewe kwa sababu njia ya kwenda chooni imefungwa. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ilitoa tafsiri mwezi Aprili 1998 ikisema wazi kwamba kuwapo kwa vyoo hakutoshi. Mwajiri lazima awaruhusu wafanyakazi kuvitumia wanapohitaji, na asiweke vikwazo visivyo na sababu. Sioni kwa nini mkaguzi wa Nairobi au Dar es Salaam asiisome sheria yake vivyo hivyo. Choo kisichotumika hakiwezi kuitwa cha kutosha. Kama yupo mfanyakazi mmoja anayekaa chooni nusu saa na simu, huyo ana jina na supavaiza anamjua; aitwe, aulizwe, na pengine itagundulika ni mgonjwa. Kuwafungia wengine 29 kwa ajili yake ni uongozi mbovu.

Umbali unastahili kifungu chake katika kanuni, na hadi sasa mara nyingi unaachiwa hiari. Kwenye mjengo, choo cha mabati hukaa chini karibu na lango, na hapo ndipo mkaguzi hukiona. Mmwaga zege aliye ghorofa ya kumi hakioni. Kushuka na kupanda ngazi zisizo na kingo kunamla dakika nyingi, na kila safari ni hatari ya kuanguka. Matokeo ni chupa za mkojo kwenye pembe za vyumba na kinyesi kwenye shimo la lifti, ambalo fundi mwingine ataingia wiki zijazo kufunga mitambo. Dawa yake inajulikana na mafundi wote wa mabomba: mara bomba kuu la majitaka linapopanda na slabu, lifungwe sinki moja la choo cha kuchuchumaa kila baada ya ghorofa tatu au nne, kwa kuta za mbao na ndoo ya maji, litumike hadi umaliziaji uanze. Bomba lenyewe lilikuwa lipandishwe hata hivyo. Mashambani Marekani ilikwishaweka kipimo tangu 1987: choo kimoja na mahali pa kunawa kwa kila wafanyakazi 20 wa mikono, katika umbali usiozidi robo maili, yaani kama mita 400. Kwa mkulima wa mishiri au mboga za majani za kuuzwa nje kipimo hicho kina maana mbili, kwa sababu asiyefika chooni huingia kati ya mistari ya mboga, na vimelea vyake husafiri na mboga hadi mezani kwa mlaji.

Kisha kuna maji, ambayo cheti cha jengo hakiyaleti mferejini. Wale watu 180 wa karakana yetu wakienda chooni mara 3 kwa siku, na kila kusukuma kukitumia lita 6, hizo ni lita 3,240. Ongeza lita 1 ya kunawa kila wanapotoka, na lita 2 kwa kila mtu kabla ya kula, unafika lita 4,140 kwa siku, kabla ya kudeki. Tangi la lita 10,000, ambalo watu wengi huliona kubwa, linakwisha katikati ya siku ya tatu. Mahali ambapo maji ya kaunti huja siku mbili kwa wiki, tangi hilo linaacha siku kadhaa za vyoo visivyosukumwa, na kinachofuata kila mtu anakijua: vinafungwa kwa kufuli "kwa muda", na watu 140 wanabaki na kimoja. Tangi hupimwa kwa siku za ukame wa mfereji, wala si kwa nafasi iliyobaki juu ya paa. Hapa zilihitajika lita 20,000 hivi. Harufu nayo si lazima iwe ishara ya uchafu. Chini ya kila sinki na kila tundu la sakafuni kuna kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia hewa chafu isipande. Choo kikikaa bila kutumika, maji hayo hukauka na harufu hupanda hata kama sakafu inang'aa. Lita chache za maji kila Ijumaa jioni kwenye matundu yote zinaondoa lalamiko ambalo lingemleta fundi kuvunja sakafu.

Waajiri wanalalamika, na si uongo, kwamba vyoo huziba kwa magazeti, matambara na pedi, kisha wanahitimisha kwamba wafanyakazi hawajastaarabika. Hitimisho hilo linageuza sababu na matokeo. Pasipo na karatasi ya chooni watu watatumia gazeti. Pasipo na mfereji mdogo au kopo la maji, anayejisafisha kwa maji atahangaika, na huko Mombasa, Tanga au Zanzibar huyo ndiye mtumiaji wa kawaida. Pasipo na pipa lenye mfuniko ndani ya chumba chenyewe, pedi itaingia kwenye tundu. Pipa likiwekwa nje, karibu na masinki ya kunawia, halitatumika, maana hakuna mwanamke atakayetoka na pedi mkononi kupita mbele ya wenzake. Afrika Kusini ililiona hilo, na Kanuni zake za 2004 zimetaja hadi karatasi ya bure, sabuni, kitako cha choo na pipa la kufunika kwa wanawake. Mambo madogo kama hayo yakiandikwa, mkaguzi hana haja ya kubishana. Ongeza kitasa kinachofunga kwa ndani na taa inayowaka kwa wa zamu ya usiku. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji, namba 190 wa 2019, umetaja waziwazi mahali pa kula, vyoo, mahali pa kunawa na pa kubadilishia nguo kuwa sehemu za kazi ambamo mfanyakazi analindwa. Hilo liliandikwa kwa sababu huko ndiko wanawake wengi wanakoviziwa. Na mama anayenyonyesha asielekezwe chooni kukamua maziwa: Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka chumba cha faragha chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu au namna ya kupoza, soketi ya umeme, meza ndogo na viti, na inakataza kisiwe msalani.

Chumba cha kubadilishia nguo ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachobeba hatari kubwa zaidi. Katika shamba la maua Naivasha, mnyunyizia dawa hutoka kwenye banda la maua ovaroli ikiwa imelowa kemikali ambazo nyingine hupenya ngozi. Chumba kinachofaa kina pande mbili na bafu katikati. Anaingia upande safi, anaacha nguo za nyumbani katika kabati lake, anapita, anavaa ovaroli upande mchafu. Anaporudi, anaosha glavu zikiwa bado mikononi, anavua ovaroli, gambuti na barakoa, anaosha glavu tena na kuzivua mwisho, anaoga kwa sabuni, ndipo anaufikia upande safi. Ovaroli inabaki, ioshwe na mwajiri, peke yake. Kabati likiwa moja tu, au badala ya makabati kukiwa na misumari ukutani, ovaroli inaning'inia juu ya koti la nyumbani na kazi yote ya kuoga imeharibika. Tuangalie pia muda. Wanyunyiziaji 12, bafu 2, dakika 8 kila mmoja: wa mwisho anamaliza baada ya dakika 48, na basi la wafanyakazi limekwisha kuondoka. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji baridi jioni yanatosha kumfanya mtu aamue ataoga nyumbani. Atakayempokea mlangoni ni mtoto, anayemkumbatia miguuni akiwa na suruali ileile. Bafu 4 zenye maji ya moto zinapunguza foleni hadi dakika 24, na dakika hizo ni lazima ziwe ndani ya saa za kazi zinazolipwa, la sivyo mtu atachagua basi.

Madini ya risasi yanatufundisha hilo kwa ukali zaidi. Kesi ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, iliyofika hadi Mahakama ya Juu, ilijikita kwenye moshi na majitaka ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Lakini kila anayejua kazi ya risasi anajua njia nyingine ambayo haionekani kwenye bomba la moshi: vumbi kwenye nywele, viatu na nguo za baba anayerudi nyumbani. Kanuni ya Marekani kuhusu risasi inataka wafanyakazi wanaokutana na risasi kupita kiwango kilichowekwa waoge mwisho wa zamu, wasitoke kiwandani wamevaa nguo za kazi, na chumba cha kulia kiwe na hewa iliyochujwa inayosukumwa ndani ili vumbi lisifuate mlango unapofunguliwa. Tena hakuna kuingia humo na ovaroli kabla vumbi halijafyonzwa kwa mashine. Hapo ndipo vyumba vitatu vinaposhikana. Ukijenga kantini nzuri bila mahali pa kunawia mlangoni, umempa mtu meza ya kulia sumu.

Kuhusu chakula, waajiri wana haki katika jambo moja: Sheria ya Kenya ya 2007 haimlazimishi kila mwajiri kupika. Sheria ya Viwanda ya India ya 1948 ilikwenda mbali, ikataka chumba cha kulia penye wafanyakazi zaidi ya 150 na kantini penye zaidi ya 250. Sisi hatuna kipimo hicho, na kwa karakana ndogo sidhani tunakihitaji. Kinachohitajika ni paa, meza, viti, maji na sabuni mlangoni, mahali pa kupashia moto githeri iliyotoka nyumbani, na pipa la mabaki linalomwagwa kila siku. Kwa karakana ya watu 20 hicho ni chumba kimoja cha mita chache. Asiyekuwa nacho huwalazimisha watu kula juu ya benchi la kazi penye gundi na rangi, au kukimbilia kibanda nje ya lango na kurudi ndani ya nusu saa. Sina ugomvi na kibanda. Ndicho kinacholisha miji yetu. Lakini anayetoka na mikono yenye grisi akaukata ugali kabla ya kufikia mfereji hakukosea yeye. Mfereji ulipaswa kuwa kwenye njia yake ya kutoka.

Hoja nzito ya upande wa pili ni gharama, na inahitaji jibu la kweli. Fundi mwenye vijana 4 Kamukunji au Gikomba hana ardhi ya kuchimba choo, na kumtoza faini ni kumfunga. Kwa huyu mimi naona vyoo vya pamoja, vinavyosimamiwa na chama cha mafundi au kaunti, ni tafsiri halali ya sheria mradi viwe karibu, viwe wazi saa zote za kazi na kijana asilipe mfukoni kila anapokwenda. Mwajiri alipie kwa mwezi. Huruma hiyo isihamishwe kwa mwenye karakana ya watu 180, ambaye mara nyingi ndiye anayeizungumza kwa sauti kubwa zaidi. Wapo pia wanaosema tusiandike idadi, tumwachie mkaguzi aamue kwa hali ya kila mahali. Nimeipima hoja hiyo na naona ina faida pale wakaguzi walipo wengi na wana muda wa kukaa eneo moja tangu asubuhi. Hapa petu mkaguzi hupita mchana, anaonyeshwa vyoo vilivyodekiwa asubuhi hiyo, anaondoka. Idadi iliyoandikwa inampa mfanyakazi kitu cha kuonyesha hata mkaguzi asipokuwapo, na ndiyo maana kanuni chini ya kifungu cha 52 zinahitaji kutaja vyoo kwa kila jinsia, umbali wa juu kabisa kwa mita na kwa ghorofa, na kipimo cha saa ya msongamano: vingapi vinafanya kazi saa nne asubuhi siku ya Jumanne, maji yakiwa yamekatika.

Wakati tukizisubiri kanuni hizo, vyombo vilivyopo katika Sheria ya 2007 havijatumiwa. Kifungu cha 9 kinataka kamati ya usalama na afya penye wafanyakazi 20 au zaidi, na cha 11 kinataka ukaguzi wa usalama na afya angalau mara moja kila miezi 12. Kamati inaweza kusimama na saa na daftari wakati wa chai kwa siku tatu na kuandika foleni ilikuwa na watu wangapi kila baada ya dakika 5. Karatasi hiyo ikiingia kwenye ripoti ya mwaka, mwajiri hawezi tena kusema hakujua. Sehemu ya pili ni mkataba wa pango. Magodauni mengi yana wapangaji watano au sita wanaotumia vyoo vilevile, na mwenye jengo huwa ameahidi kwa mdomo. Notisi ya marekebisho, yaani amri ya mkaguzi ya kurekebisha kasoro, ikija, itamfuata anayeliendesha eneo la kazi, hata kama bomba ni la mwenye nyumba. Kwa hiyo kabla ya kulipa amana, mpangaji aandikishe ni vyoo vingapi ni vya watu wake na vya jinsia ipi, tangi ni la lita ngapi na nani analijaza mfereji ukikauka, nani ana funguo zamu ya usiku, bomba likiziba linazibuliwa ndani ya saa ngapi na kwa gharama ya nani, na kodi inapungua kiasi gani kwa kila siku ambayo choo kimefungwa.